Wanachama Kumi na Wawili

Kitu cha kwanza alichokiona ni alama nne sakafuni. Alikuwa anafagia ukumbi wa tawi kama kila asubuhi, na kwenye safu ya pili ufagio ukapita mahali ambapo haukuwahi kupita. Saruji pale ilikuwa na rangi ya upya, na kwenye kila pembe palikuwa na kiduara kilichobonyea, mahali mguu wa kiti ulipokanyaga miaka kumi na tisa. Kiti cha kinyozi hakikuwepo.

Hakumwambia mtu. Wanachama walimwita Kimya tangu akiwa mtoto, na sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili na jina bado halijamchosha. Alisukuma viti vya jirani kidogo huku na kidogo kule, akaliziba pengo. Wiki iliyofuata akaziba mengine mawili. Baada ya miezi minne hapakuwa na viti vya kuzibia.

Viti vya tawi lile havikufanana hata viwili. Kimoja kilikuwa cha mbao na mkono mmoja, kingine cha chuma, kingine kigoda cha jikoni chenye doa la mafuta. Kila mwanachama alikuja na chake. Ilianza wakati wa mgomo, pale kiwanda cha nguo kilipokuwa bado cha tajiri. Tajiri alipunguza nusu saa ya chakula, wasichana wawili wakazimia kwenye mashine, na baba yake Kimya, ambaye alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi, akavuta swichi kubwa. Kelele ikakatika kiwanda kizima. Wafanyakazi wakakutana kantini. Kesho yake walikuta tajiri ameondoa mabenchi yote, akiamini kwamba watu wakisimama sana watarudi kazini wenyewe. Kesho kutwa yake kila mtu alikuja na kiti kichwani kutoka nyumbani kwake. Wakakaa. Walikaa siku ishirini na moja, na walipoinuka walikuwa chama.

Tangu hapo, kadi ilikuwa karatasi tu. Uanachama ulikuwa kiti. Ukiingia unakuja nacho, ukitoka unaondoka nacho, na mwanzoni mwa kila kikao jina lako likiitwa unasimama mbele ya kiti chako na kusema, "Nipo."

Kulikuwa na wakati viti vilijaa ukumbini vikamwagika uani, vikafika mpaka barabarani, na magari yakawa yanazunguka. Chama kikashinda uchaguzi. Kiwanda kikawa cha umma, wakafungua zahanati getini, na wazee waliokuwa wakiinamisha macho mbele ya msimamizi wakaanza kutembea kifua mbele. Mwaka ule wa uchaguzi Kimya alikuwa darasa la tano. Baba yake, ambaye sasa alikuwa Katibu wa tawi, alimwambia aache shule mwezi mmoja tu awapikie chai wanaobandika mabango, kwani mama yake alikuwa amefariki na hapakuwa na mwingine. Mwezi ule haujaisha mpaka leo.

Halafu maji yakazidi unga. Mashine zilichakaa na vipuri havikuja. Waliopelekwa makao makuu wakapata magari, kisha wakapata vioo vyeusi vya magari. Walipoulizwa, walisema hali ni ngumu, ndugu, vumilieni. Kiwanda kikafungwa kwa matengenezo, na matengenezo yakawa usingizi. Chama kikashindwa uchaguzi mmoja, kikagawanyika, kikashindwa mwingine. Katibu hakuhama. Alipewa cheo makao makuu akakikataa, akabaki na tawi lake kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe aliyekwisha kufa. Alilala ofisini, juu ya meza, na bendera ikiwa mto. Nyumbani alikuja kubadilisha shati, akasimama mlangoni kama mgeni, akauliza kama kuna maji, akaondoka.

Barua ilifika Jumatatu. Katibu aliisoma mara tatu, akamwita Kimya kutoka jikoni.

"Soma," alisema.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Barua ilisema kwamba mjumbe wa makao makuu atakuja Jumamosi saa nane mchana. Tawi ambalo halitakuwa na wanachama kumi na wawili watakaoitika mbele yake litafutwa, na jengo litarudishwa.

"Tuko wangapi, Ndugu Katibu?" aliuliza. Ndani ya jengo lile kila mtu alikuwa ndugu, na yeye hakuwahi kuambiwa kwamba amesamehewa.

"Sita. Mimi, Mama Mizani, dereva, mlinzi, na wale wawili wa chumba cha rangi." Alikunja barua. "Nenda kawaite walioondoka. Mimi wakiniona wanafunga milango. Wewe hawawezi kukufukuza, huna maneno."

Alikwenda. Siku nne alizunguka mitaa ile, mtu asiyeweza kuuliza bei sokoni bila kumeza mate mara mbili. Muuza mkaa alikubali baada ya kumcheka. Mwashi alikubali ili amwondoe mlangoni. Mwenye duka na mkewe waligombana mbele yake, wakakubali wote wawili kwa kukomoana. Ijumaa mchana alibaki kinyozi.

Kibanda kilikuwa na wateja watatu. Kile kiti chenye mkono mmoja kilikuwa katikati, mbele ya kioo, na mtu mnene amekikalia na povu shingoni.

"Kimya," kinyozi alisema, "umekuja kunyolewa?"

Wateja wakacheka.

"Shikamoo, baba mdogo. Katibu anakusalimu."

"Katibu au baba yako?"

"Katibu."

"Huyo simjui tena. Baba yako ni mtu mwema, tulilala naye chini ya mashine siku ishirini na moja, alikuwa anakoroma kama trekta. Lakini Katibu ni kichwa cha nyundo. Anataka nini?"

"Anaomba ukae kesho. Mara moja tu. Useme nipo."

"Na kiti? Kiti changu hiki hapa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake kinafanya kazi."

"Nitakibeba mimi."

Wembe ukasimama hewani. "Wewe? Kichwani, mpaka kule, jua hili?"

"Nitakirudisha."

"Mpe tu," alisema mtu mnene. "Mimi nitamalizia kunyolewa nimesimama, kama farasi."

Kinyozi hakucheka. Alimwangalia Kimya kwenye kioo, kisha akaangalia pembeni. "Nitakuja," alisema. "Lakini nakuja kwa ajili yako. Asije akanieleza habari za mapambano. Nikisikia neno mapambano nanyanyuka."

Alikibeba. Njiani watu waliuliza kama Chama kinahama, na mwingine akajibu kwamba kilishahama zamani, hiki ni kivuli chake kinachofuata mzigo. Kimya aliendelea kutembea. Shingo iliuma, lakini moyoni alikuwa anahesabu: kumi na mmoja. Alijaribu kumpata mtu mwingine yeyote mwenye kadi ya zamani. Wengine walikuwa wamehama mji, wengine walikuwa makaburini.

Jumamosi asubuhi Katibu alikuwa mezani, amenyoa ndevu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Mbele yake palikuwa na kadi mpya na kalamu.

"Kumi na mmoja," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe unaweza kuwa wa kumi na mbili."

Kimya aliweka kikombe cha chai mezani. Alijua kanuni ile, nani asiyeijua. Miaka ya ushindi, mwenyekiti wa tawi moja alijaza kikao mashemeji na wapwa zake, akapitisha alichotaka. Kwenye mkutano mkuu baba yake alisimama akapendekeza kwamba ndugu wa damu wa kiongozi asihesabiwe kamwe katika kikao cha kiongozi huyo. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Kati ya yote aliyoyafanya duniani, lile ndilo alilopenda kusimulia. Ibara ya tisa. Ilikuwa yake.

"Ibara ya tisa inakataa," Kimya alisema.

"Najua inavyosema. Niliiandika." Alisugua macho. "Marehemu mpishi wa kantini alikuwa na binti wa umri wako, aliolewa mbali. Utakuwa huyo. Mjumbe ni mgeni, hamjui mtu hapa."

"Na wengine?"

"Watanyamaza. Nimeongea nao."

Kimya alitazama kadi. Mwandiko ulikuwa umelazwa upande, usifanane na mwandiko wa baba yake. Mtu huyu aliwahi kumfukuza mwanachama kwa kusaini mahudhurio ya rafiki yake.

"Kwa hiyo nisiwe mtoto wako," alisema.

"Kwa saa moja tu, mwanangu. Saa moja. Likifutwa hili, nitakuwa nimefanya nini na maisha yangu? Niambie. Nitakuwa nimefanya nini?"

Hakuwa amemwona baba yake akiomba. Hata mama alipokuwa anakata roho hakuomba. Alikwenda kuongoza kikao, akarudi amechelewa. Kimya alichukua kadi.

Mjumbe alifika saa nane kasoro, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata. Alikuwa na adabu. Alimwamkia Katibu, "Shikamoo, mzee," na watu wakatazamana, kwa sababu katika ukumbi ule neno hilo halikuwahi kutumika. Katibu alijibu, "Karibu, ndugu."

Majina yakaitwa. Dereva alisimama. "Nipo." Mlinzi akasimama, mgongo umepinda. "Nipo." Mama Mizani, aliyekuwa akipima marobota ya pamba mpaka mzani wenyewe ukamwogopa, alisema, "Nipo, na sijaenda popote, waandikie hivyo." Wale wawili wa chumba cha rangi, ambao kucha zao hazikuwahi kurudia weupe, waliitika pamoja. Muuza mkaa. Mwashi. Mwenye duka na mkewe. Kinyozi alisema nipo kama mtu anayetema mbegu.

Likaitwa jina la binti wa mpishi. Kimya akasimama mbele ya kigoda cha jikoni.

"Nipo."

Mjumbe aliinua macho. Kwenye orodha aliyokuja nayo jina hilo halikuwepo. Alimtazama Kimya, akamtazama Katibu, akarudi kwa Kimya. Labda ilikuwa paji la uso. Walifanana paji la uso.

"Samahani, mzee. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Huyu dada mna undugu?"

Kinyozi alikuwa anaangalia dari.

"Hapana," alisema Katibu.

"Hata mtoto wa ndugu?"

"Mimi sina mtoto."

Alilisema moja kwa moja, bila kigugumizi, kama alivyosema mambo yote ya kweli. Kimya alikaa. Alijua ni uongo wa kupangwa, alikuwa ameukubali mwenyewe asubuhi. Lakini maneno yale hayakuonekana kama yangefutika saa moja ikiisha.

"Kumi na wawili," mjumbe alisema, akaandika. "Kikao ni halali. Hongera, mzee. Matawi mengi tuliyopita yameshindwa."

Katibu alifumba macho. Mama Mizani alianza kupiga makofi, akakuta yuko peke yake, akaacha.

Mjumbe akatoa karatasi ya pili kwenye mfuko. Aliisoma kwa sauti ya upole. Makao makuu yameamua kukivunja Chama na kukiunganisha na kile kingine. Alikitaja. Kilikuwa chama cha wenye viwanda, kilichoanzishwa na shemeji wa yule yule tajiri wa mabenchi. Sheria, alisema, inataka matawi halali yasiyopungua ishirini yaridhie. Hadi asubuhi hiyo wamepata kumi na tisa.

Ilichukua muda maneno yale kuingia. Dereva ndiye aliyeuliza, "Yaani kama leo tusingefika kumi na wawili?"

"Tawi lingefutwa, lisingeweza kupiga kura. Tungetafuta jingine." Mjumbe alitabasamu kwa huruma. "Na sijui kama tungelipata, kwa kweli. Tunapiga kura kwa mikono, mzee, kama kawaida yenu. Wanaokubali?"

Muuza mkaa aliinua mkono kwanza. Mkaa wake ulikuwa umeachwa nje. Mwashi akafuata. Mwenye duka aliinua, na mkewe, kwa mara ya kwanza wiki ile, akakubaliana naye. Mkono wa kinyozi ulipanda polepole. Kisha wale wawili wa chumba cha rangi wakaangaliana, mmoja akanong'ona, "Tumechoka, ndugu zangu, msituchukie," na mikono yao yenye rangi ya bluu ikapanda. Saba.

"Wanaokataa?"

Wanne. Katibu aliinua mkono wake juu kabisa, kama mtu anayetaka kuonekana kutoka mbali.

Kimya hakuinua mkono wowote. Alikuwa anamtazama baba yake, na aliona uso ule ukielewa jambo moja baada ya jingine: kwamba watu wale amewaita yeye, wamebembelezwa kwa jina lake, kwamba wa kumi na mbili amemtengeneza yeye kwa kalamu yake. Tajiri alishindwa kukiua Chama kwa miaka kumi na tisa. Sasa kilikuwa kinakufa kwa kanuni zote kufuatwa, isipokuwa moja.

Kimya akasimama.

"Mimi ni binti yake," alisema.

Mjumbe aliacha kuandika. "Nani?"

"Mimi. Binti wa Katibu. Ibara ya tisa inasema nisihesabiwe. Mko kumi na mmoja. Kura si halali."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Mama Mizani aliruka kutoka kitini. "Kweli kabisa. Ni wake. Nilimbeba mgongoni mwenyewe siku za mgomo, alinikojolea."

"Mama, ulikuwa hapa mzee aliposema hana mtoto," mjumbe alisema. "Ulinyamaza. Nyote mlinyamaza. Mkipenda kura mnanyamaza, msipoipenda mnakumbuka?" Akamgeukia Katibu. "Neno la katibu wa tawi ndilo kumbukumbu. Sema mwenyewe, mzee. Ni mwanao? Ukisema ndiyo, nitafuta kura. Nitafuta na tawi pia, na nitaandika kwamba umeghushi kadi, utafukuzwa. Ukisema hapana, tunafunga."

Wote walimtazama Katibu. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza. Neno lilikuwa moja tu, la herufi chache, na lingeweza kulizuia tawi lake kuwa la ishirini. Kimya aliliona likija mpaka kwenye midomo. Lakini kulisema ilikuwa ni kukubali mbele ya ukumbi ule kwamba yeye, mtu wa Ibara ya tisa, ameivunja; na kufukuzwa kwenye kitu hicho hata kikiwa maiti kulimtisha kuliko kukizika.

Nje mtu alikuwa anapiga honi.

Katibu aliinamisha kichwa, hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Basi kumbukumbu zinabaki," alisema mjumbe, akafunga kalamu. Alimpa kila mtu mkono, hata Kimya, akatoka.

Watu waliondoka bila kuagana vizuri. Kinyozi alisimama mbele ya Kimya kana kwamba ana la kusema, akamgusa bega, akaenda zake. Mama Mizani alilia kwa hasira mpaka barabarani, akiwatukana wenye duka kwa majina ya samaki.

Kimya alikusanya vikombe. Kazi ni kazi. Alipomaliza kuviosha akarudi, baba yake alikuwa bado pale pale, ameegemea meza, shati limeloa mgongoni.

"Ningesema nini?" aliuliza. Hakuwa anamuuliza mtu. "Tungekaa bila kumi na wawili wangekwama. Mimi ndiye niliyewakamilishia. Mimi." Kisha akamwona. "Ulisema vizuri, Kimya. Sauti ilifika."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na ukanyamaza."

Katibu alianza kukunja bendera, akaikunja vibaya, akaikunjua. Kimya alisogea, akaishika upande wa pili, wakaikunja pamoja kama shuka. Mikono yao ilipokutana katikati, hakuiachia.

"Unajua nilikuwa naomba nini hapa, kila asubuhi nikifagia?" alisema. "Nilikuwa naomba kife, baba. Tangu nina miaka kumi na moja. Nilidhani kikifa utarudi nyumbani."